Mkono wa Greda na Shingo ya Mkewe

Mwokaji mikate wa mtaa wetu aliitwa Greda. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mikono yake. Ilikuwa mipana na mizito kama greda la kusawazisha barabara. Akipunga mkono kumsalimu jirani, nguo zilizoanikwa ng'ambo ya barabara zilikauka. Akikanda unga, meza ililia. Meza yake ya kwanza ilivunjika miguu. Ya pili, watu wanasema, ilitoroka. Ya tatu ilikuwa ya chuma, nayo ilifungwa sakafuni kwa boliti ili isipate mawazo kama hayo.

Lakini mkate wake ulikuwa laini kuliko mto. Mteja mmoja aliuegemeza kwenye shavu akingoja zamu yake, akaamka adhuhuri.

"Siri yako nini?" watu walimwuliza.

"Unga ukiwa mgumu, naukanda," alisema Greda. "Ukikataa, naukanda zaidi. Mwisho unakubali wenyewe."

Kitu kingine alichokiamini Greda ni mizani. Ilikaa kwenye kaunta, na ilitumika kupimia biskuti. Ilikuwa na sahani juu, uso wa mviringo mbele, na mshale mwekundu. Mteja akilalamika, Greda alimwonyesha mshale. "Usiniulize mimi," alisema. "Muulize huyu."

Mkewe alipamba keki. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alichora maua kwa krimu, na nyuki waliingia dirishani wakapanga foleni. Dada yake Greda aliuza kwenye kaunta. Mke wa Greda alimwita wifi, na sisi wateja pia tulimwita Wifi. Mdomo wake ulikwenda kasi kuliko mashine ya kukatia mikate.

Hivyo ndivyo walivyoishi na kufanya kazi. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kichwani mwa mke wa Greda.

Kichwa chake kilikuwa kinauma. Hakikuuma kila siku, lakini kiliuma mara nyingi. Kilianza upande mmoja, nyuma ya jicho, kikawa kinagonga. Mwanga wa dirisha ulimchoma. Mlio wa trei ulimchoma. Harufu ya krimu ilimtia kichefuchefu. Akitembea, kilizidi. Basi alikwenda kujilaza chumba cha magunia, akajifunika gunia tupu usoni. Vidonge vya kutuliza maumivu alivitafuna kama karanga, karibu kila siku.

Wifi alikipa kichwa hicho jina. Alikiita kichwa cha trei.

"Kaka, hebu angalia," alisema. "Siku za trei chache, wifi yangu mzima, anaimba. Siku za oda nyingi, chali! Kichwa kina akili hicho. Kinajua kalenda."

Greda alifanya alichojua kufanya. Aliingia chumba cha magunia, akakunja mikono ya shati, akaishika shingo ya mkewe.

"Baba watoto, taratibu."

"Nimegusa tu."

"Inauma hata ukigusa."

"Ni misuli imekaza. Tulia, itakubali."

"Basi, basi! Mimi si unga!"

Kelele hiyo ilisikika hadi kituo cha basi. Greda alichukua kitambaa, akamfunga kichwani, akakikaza kwa fundo lile lile la kufungia magunia. Kesho yake kichwa kilikuwa bado kipo, na shingo nayo ilikuwa haigeuki.

Greda aliitazama shingo hiyo kwenye mwanga. Hakuona uvimbe. Hakuona jeraha. Hakuona hata wekundu.

"Sasa hapa kinachouma ni nini?" aliuliza.

"Sijui. Lakini kinauma."

"Kidole kimoja tu, na wewe unapiga yowe?"

Kuanzia siku hiyo Greda alianza kuwaza kama dada yake.

Ikaja oda ya keki ya harusi, ya ghorofa nne. Mke wa Greda alipamba ghorofa mbili, kichwa kikamwangusha. Wifi alimalizia mbili zilizobaki. Maua yake yalifanana na soksi. Bibi harusi alilia, na haikuwa kwa furaha.

Jioni hiyo Greda alifuta meza yake ya chuma, akazungumza bila kumtazama mkewe.

"Jumamosi nenda kwa wazazi wako ukapumzike. Dada atajifunza krimu."

Mtu akitumwa kupumzika, huulizwa atarudi lini. Mke wa Greda hakuulizwa. Alielewa.

Asubuhi alifika fundi saa, jirani wa mlango wa pili. Alikuwa mteja wa biskuti. Kila siku aliinama mbele ya mizani, akautazama mshale kwa jicho moja kama anavyotazama saa. Siku hiyo alimwona mke wa Greda akikunja nguo zake pembeni, shingo imekakamaa kama mti.

"Shemeji, shingo imefanya nini?"

"Imekandwa," alisema Wifi. "Na bado haitaki kazi."

Fundi saa alimgeukia Greda. "Saa ya mteja ikisimama, mimi siipigi nyundo. Naifungua kwanza. Huyu mmempeleka zahanati?"

"Kwa kichwa tu?"

"Kwa kichwa, ndiyo. Kwani una kingine cha akiba? Mwanzoni mwa mwaka vidole vyangu viliuma, nikapelekwa kwa mtaalamu wa viungo pale. Yule mama hakubahatisha. Ana kifaa cha kubonyezea. Kinaonyesha mwili unaanza kuumia kwa nguvu kiasi gani."

"Kinaonyeshaje?"

"Kina mshale."

Greda aliacha kukanda. "Kina mshale?"

"Mshale kabisa, na namba zake."

Greda alivua aproni. "Basi twende," alimwambia mkewe. "Mshale ukikubali, unabaki. Ukikataa, Jumamosi iko pale pale."

Mkewe alizitazama nguo alizokuwa anazikunja. Aliacha kukunja, lakini hakuzikunjua.

Wakaenda watatu. Wa tatu alikuwa Wifi, aliyefunga kaunta na kuwafuata. Alisema anakwenda kuulinda mshale usidanganywe.

Kule zahanati, daktari alianza kwa kuuliza. Kichwa kinaanzaje? Kinauma upande gani? Kinakaa muda gani? Mwanga unasumbua? Kutapika je? Alimwangalia macho, akampima presha, akamwambia akaze mikono na atembee mstari ulionyooka. Alipomaliza alisema ugonjwa huo una jina. Ni kipandauso. Hauonekani kwa nje, lakini ni ugonjwa wa kweli. Kisha akawapeleka chumba cha mtaalamu wa viungo.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mwenye viatu bapa na sauti ya chini. Alivuta pazia nusu ili mwanga usiwe mkali. Chumbani kulikuwa na kitanda chembamba, mto, na taulo iliyokunjwa.

"Kichwa kinauma leo?" aliuliza.

"Leo hapana. Shingo tu, kidogo."

"Vizuri. Kichwa kikiwa kinauma, mwili huumia kwa wepesi zaidi, na namba hubadilika. Napenda kupima siku tulivu."

Akatoa kifaa. Kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani. Upande mmoja kilikuwa na ncha ya mpira, upana kama ncha ya kidole. Upande wa pili kilikuwa na uso wa mviringo, namba, na mshale.

Greda alisogea mbele. Alikitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Kinapima kwa kilo?"

"Kwa kilo. Na ukiachia, mshale unabaki pale ulipofika ili nisome." Mtaalamu akamgeukia mgonjwa. "Mama, nitakubonyeza na kuongeza nguvu polepole, kwa mwendo mmoja. Mwanzo utahisi unabonyezwa tu. Hisia hiyo ikianza kugeuka maumivu, sema 'sasa'. Nitaacha hapo hapo. Usivumilie."

"Nisivumilie kabisa?"

"Kabisa. Sitafuti mwisho wa uvumilivu wako. Natafuta maumivu yanapoanza."

Mke wa Greda alikuwa hajaambiwa hivyo kwa muda mrefu. Alikaa vizuri kitini.

"Ngoja!" alisema Wifi. "Kumbe anasema mwenyewe? Si atasema 'sasa' anapotaka?"

"Ni kweli, kipimo hiki kinategemea neno lake," alisema mtaalamu. "Ndiyo maana simwonyeshi mshale, na kila mahali narudia. Lakini tuelewane. Hii si mashine ya kukamata waongo. Wala haisemi nani ana kipandauso na nani hana. Hilo daktari amelijua kwa kumsikiliza. Mimi nataka kujua mwili wake umekuwa mwepesi kuumia kiasi gani, na wapi."

Alianza na mkono, ili mgonjwa azoee. Kisha akapima kwenye panja, kati ya jicho na sikio. Akapima shingoni, pale inapokutana na bega. Mwisho akapima mbele ya mguu, chini ya goti. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Kila mahali alipumzika, akarudia.

"Sasa," alisema mke wa Greda. "Sasa. Sasa."

Greda alikodolea mshale macho. Wifi alikodolea wifi yake macho. Kwenye panja mshale haukufika hata kilo mbili. Shingoni ulipita mbili kidogo. Aliporudia, mshale ulisimama karibu pale pale.

"Namba hizi ziko chini," alisema mtaalamu. "Panja na shingo zinaanza kuumia mapema kuliko nilivyotarajia. Na mguu pia uko chini kiasi."

"Mguu una kipandauso?" aliuliza Greda.

"Hauna. Ndiyo maana niliupima. Chukua mfano wa kengele ya mlangoni ya kuzuia wezi. Ikiwa sawa, inalia mwizi akigusa kitasa. Ikilegea, inalia hata paka akipita. Mwizi hayupo, lakini kengele inalia kweli. Haijifanyi. Ubongo na mishipa ya fahamu ni kengele ya mwili. Kwa baadhi ya watu wenye kipandauso cha mara kwa mara, kengele hiyo inakuwa nyepesi mno. Si kwa wote. Kwa mkeo, naona ndivyo. Kidole ambacho kwako ni kuguswa tu, kwake ni maumivu."

Greda alikuna kidevu. "Nipime na mimi."

Mtaalamu alimketisha kitandani, akaweka ncha ya mpira kwenye shingo yake. Alibonyeza polepole. Mshale ulipanda. Ukapita tatu, ukapita tano. Greda alikuwa kimya. Jasho lilimtoka. Mshale ulizidi kupanda. Kitanda kililia. Jicho la kulia la Greda likaanza kutiririka.

Mtaalamu aliacha. "Baba, nilisema useme inapoanza kuuma."

"Haijaanza."

"Na hayo machozi?"

"Vumbi."

"Namba hii siiandiki," alisema mtaalamu. "Hapa nimepima ubishi."

Wifi alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo. Hata mke wa Greda alitabasamu.

"Sasa wewe nipimie kitu," mtaalamu alimwambia Greda. Akalaza mto kitandani, akaweka taulo juu yake, akampa kifaa. "Naambiwa huwa unamkanda. Bonyeza hapa kama unavyombonyeza shingoni. Usizidishe, usipunguze."

Greda alikishika kifaa. Alivuta pumzi. Akabonyeza.

Wapo mtaani wanaosema kioo kilipasuka na mshale ukaruka hadi nje ya dirisha. Si kweli. Mshale ulisimama kwenye tisa.

"Umetumia nguvu sana?" aliuliza mtaalamu.

"Hapana. Hiyo ni taratibu. Siku kichwa kikiwa kikali, basi hapo ndipo na..."

Hakumaliza. Aliutazama mshale. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kubishana na mshale. Mkewe alikuwa amesema "sasa" kwenye mbili. Yeye taratibu yake ilikuwa tisa.

Nje mtu alikuwa anafagia.

"Nilikuambia," alisema mkewe.

"Uliniambia," alisema Greda.

Alikiweka kifaa juu ya taulo kwa uangalifu, kama yai. Kisha akaitia mikono yake yote miwili mfukoni, ingawa mifuko haikuitosha.

Wifi alikuwa bado na swali lake. "Sawa, anaumwa. Lakini kwa nini anaumwa siku za trei nyingi tu?"

"Siku hizo huamka saa ngapi?" aliuliza mtaalamu.

"Kabla yetu sote. Lazima awahi krimu."

"Na hula lini?"

"Trei ya mwisho ikitoka. Muda wa kula uko wapi? Anasimama karibu na tanuri, maji yenyewe hanywi, redio..."

Wifi alinyamaza katikati ya sentensi. Baadaye watu wa mtaani waliposimuliwa jambo hilo, walikubali lote isipokuwa hapo.

"Umejibu vizuri kuliko mimi," alisema mtaalamu. "Kipandauso hupenda siku kama hizo. Usingizi mfupi, njaa, kiu, joto, kelele. Uliona kweli, ila hukujua ulichokiona."

Kisha akaeleza la kufanya. Mke wa Greda ale kabla ya kazi. Alale na kuamka kwa saa zinazofanana. Anywe maji. Kichwa kikianza, ameze mapema dawa aliyoandikiwa na daktari, apumzike penye giza na kimya. Lakini asimeze vidonge vya maumivu karibu kila siku, maana vikizidi, navyo huanza kuleta kichwa. Kitambaa cha kukaza kisifungwe kama kinamuumiza. Akampa na mazoezi mepesi ya shingo.

"Na ni siku gani nisingoje, nimkimbize hospitali?" aliuliza Greda.

"Swali zuri. Kichwa kikija ghafla, kikali kuliko vyote alivyowahi kupata. Kikija pamoja na homa na shingo ngumu. Akilegea upande mmoja wa mwili, akashindwa kuzungumza vizuri, akachanganyikiwa au akazimia. Kikianza baada ya kuanguka au kugongwa kichwani. Siku hiyo usikande, usingoje kupambazuke. Nenda."

Greda aliitikia kwa kichwa. Alitoa mkono mmoja mfukoni, akautazama.

"Basi nisimguse tena?"

"Muulize mwenyewe."

Mkewe alifikiri. "Napenda akinishika," alisema. "Sipendi akinikanda."

"Basi mshike," alisema mtaalamu. "Kumkanda hakuponyi kipandauso. Lakini mkono mwepesi, siku tulivu, akitaka mwenyewe, unaweza kuilegeza shingo. Anza na nusu kilo. Asipopenda, acha."

"Nitaijuaje nusu kilo? Kifaa hiki nyumbani sina."

"Una mizani?"

Greda alisimama wima. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliulizwa kitu anachokijua.

Jumamosi ilifika. Mke wa Greda alikuwa mezani, anapamba keki. Nguo zake zilikuwa zimerudi kabatini. Hakuna aliyemwuliza, na hakuna aliyezungumza habari hiyo. Pembeni yake palikuwa na kiti, kikombe cha maji na kipande cha mkate kilicholiwa nusu. Kipande kilikatwa na Wifi.

Kipandauso hakikuhama. Ugonjwa huo si mpangaji wa kufukuzwa kwa siku moja. Lakini miezi ilivyopita, siku mbaya zilipungua. Vidonge havikuliwa tena kama karanga. Kichwa kilipokuja, Wifi ndiye aliyezima redio na kuwakemea wanaobamiza trei. "Shh! Mnataka kengele ilie?" alisema, kwa sauti iliyotikisa madirisha. Mkewe Greda alimwomba kwa ishara anyamaze yeye pia.

Waliporudi kwa mtaalamu, alipima tena pale pale, kwa mwendo ule ule. Shingoni mshale ulikwenda mbele kidogo kuliko mara ya kwanza ndipo mke wa Greda akasema "sasa". Si mbali sana. "Lakini tunamlinganisha na yeye mwenyewe," alisema mtaalamu, "na amesogea."

Asubuhi moja, wateja wakiwa wamejaa dukani, fundi saa aliinama mbele ya mizani kama kawaida yake. Akaona kitu. Kidole gumba cha Greda kilikuwa juu ya sahani.

"Leo nimekukamata!" alipiga kelele. "Jamani, njooni mwone! Anabonyeza mizani!"

Watu walisogea. Wengine walianza kukumbuka biskuti zote walizonunua tangu utotoni.

"Sahani ni tupu, fundi," alisema Greda. "Simpimii mtu. Najifunza."

"Unajifunza nini? Wizi?"

"Najifunza kumshika mke wangu."

Duka zima lilicheka. Mkewe alitoka nyuma na mfuko wa krimu mkononi. Aliigeuza mizani, akausoma mshale.

"Kilo moja," alisema. "Bado mzito. Punguza."

Greda alitoa ulimi nje kama mtoto anayeandika. Akapunguza. Mshale ulirudi nyuma, ukatetemeka, ukasimama.

"Hapo?"

"Rudi kidogo tena."

"Hapo?"

"Hapo."

Fundi saa aliinama, akafumba jicho moja, akahakikisha. Ilikuwa nusu kilo kamili.

"Ni sahihi," alisema. "Sasa ondoa hicho kidole, unipimie biskuti zangu."